Uongo Nilioutundika Kwenye Podo

Goma, upande wa Kanyaruchinya

Mama yangu mupenzi,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya mfuko wa maharagi ya mbegu, na karatasi nimeilaza juu ya kitabu changu cha biolojia. Ukiona mistari imepinda, kosa ni la biolojia. Kwanza nakusalimu wewe na Papa na wote wanaoota moto jikoni kwetu. Bibi yetu Koko, je, magoti yake yanamwacha afike misa ya kwanza? Papa bado anakohoa asubuhi? Na mudogo wangu Kambale, ameacha kukojoa kitandani? (Hapo usimsomee.) Mimi niko muzima. Nywele zimesukwa, chakula kipo, ila blauzi ya shule inanibana mabegani kwa sababu ya jembe.

Najua unangoja jibu moja tu. Ulisema kwenye simu kwamba Mama Masika, rafiki yako wa biashara ya vitenge, atapita Goma na ana nafasi moja garini, nirudi naye Butembo kwa kuzungukia Uganda, maana njia yetu ya Rutshuru imefungwa. Nikajibu "ndiyo, Mama", kama ninavyojibu kila kitu. Unanijua. Kwenye simu sauti yangu inarudi ndani kama konokono aliyeguswa. Kwenye karatasi inatoka. Basi nisome mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Mulinituma kwa Papa mukubwa mukisema Goma kuna shule nzuri na utulivu kidogo. Vita ikanifuata kama mbwa anayejua harufu yangu. Shule yetu ya Majengo imefungwa, waliokimbia vita wanalala madarasani. Nilipita siku moja kuchukua madaftari, nikakuta juu ya benchi langu mtu ameanika nepi. Sikuona vibaya. Nilifurahi kwamba benchi linafanya kazi.

Shamba la miti la Papa mukubwa unalijua kwa picha tu. Ni mistari kumi na miwili, kila mstari miti ya aina yake, juu ya udongo mwembamba unaofunika makoro, haya mawe meusi ya volkano. Yeye analiita arboretum, na analitamka kama padri anayetaja jina la mtakatifu. Pembeni kuna shamba la chakula: maharagi, viazi, mboga za lengalenga, na vibanda vya sungura. "Shamba njo linalisha miti," anasemaga, "sababu miti haijui kujinunulia jembe."

Sasa huyu mtu wa miti adimu, unajua alianguka kutoka wapi? Kwenye mti wa avoka. Avoka ya kawaida, nyuma ya choo. Mguu ukavunjika mahali pawili. Yuko hospitali mjini, Mama mukubwa yuko naye kumuuguza, na mimi nimebaki kuwa direktrisi, mkuu wa miti, wa maharagi na wa sungura, pamoja na Papa Bahati, mlinzi wetu, mtu wa Masisi, ambaye anaongea kwa niaba yetu wawili.

Siku wanamlaza kwenye gari, Papa mukubwa alinishika mkono. "Kavira, matawi makavu, patia watu. Mikaratusi na grevilea zikikatwa zitachipuka. Lakini podo, nakuomba. Podo, hapana."

Podo ni mti wa milima mirefu. Unakua polepole mpaka unafikiri umesahau. Na ni kama watu, kuna dume na kuna jike, moja peke yake halizai. Sisi tulikuwa na dume moja na jike moja. Miche yote ambayo Papa mukubwa amegawa kwa maparokia na mashule ilitoka kwa hao wawili.

Wiki hiyohiyo watu wakaanza kufika kutoka Rutshuru na magodoro kichwani. Mabashi, vibanda vyao vya turubai, yakajaa juu ya makoro mpaka yakagusa uzio wetu. Waliletewa unga na maharagi, lakini kuni hakuna aliyewaletea, na wewe unajua maharagi makavu yanataka moto wa nusu siku. Basi wakaingia kwetu. Ningekuwa wao ningeingia pia.

Asubuhi moja tukakuta podo dume ni kisiki. Papa Bahati akavua kofia.

"Bon," akasema. "Sasa mama amebaki mujane."

Nilicheka, kisha nikaona si jambo la kucheka. Jike lilikuwa limebeba mbegu, bado kijani, na hizo ndizo za mwisho. Wakilikata kabla hazijakomaa, kazi yote ya Papa mukubwa imeishia hapo, mikononi mwangu.

"Weye njo patron wa shamba," Papa Bahati akaniambia. "Piga kelele! Mutu mwenye haki haongeaki kama anaungama kwa padri."

Nikaenda mbele ya wamama watatu wenye panga. Nikafungua kinywa. Kikatoka: "Munisamehe, habari ya asubuhi."

"Muzuri, mutoto yangu," akajibu mmoja, akaendelea kukata mkaratusi.

Kwa hiyo nikaandika, maana hilo naliweza. Nilikata mikebe ya mafuta ya msaada, nikachora maneno kwa msumari, Kifaransa juu, Kiswahili chini, nikatundika kwenye kila mti: jina lake, unatoka wapi, unasaidia nini. Watu walianza kusimama na kusoma. Watoto wa shule waliwasomea mama zao kwa sauti, wakibishana. Mti ukishakuwa na jina, niliona panga linasita kidogo. Lakini kidogo tu. Siku moja nikakuta kwenye shina la podo jike alama tatu mpya za panga, utomvu bado unatoka.

Mama, hapa ndipo nilipokosa. Nilikata mkebe mpya. Nikaandika: "Moshi wa mti huu unakausha maziwa ya mama anayenyonyesha." Na kwa Kifaransa nikaongeza neno la kisayansi nililolitunga mwenyewe, ili walimu walioko kambini wasiulize.

Nilijua ninachofanya. Karibu kila bashi lina mtoto mchanga.

Kwa siku nyingi hakuna aliyekaribia podo. Hata mbuzi walifukuzwa pale. Papa Bahati mwenyewe, ambaye sikumwambia kitu, nilimsikia akiwaeleza watu kwenye uzio: "Ni kweli. Hata bibi yangu alisemaga vile." Bibi yake aliishi Masisi na hajawahi kuiona podo yetu. Papa mukubwa alipopiga simu, akauliza habari za miti mmoja mmoja kama watoto, nikamwambia podo iko, bila kutaja dume. Akasema, "Aksanti, direktrisi." Nilitembea na neno hilo wiki nzima kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Nina rafiki kambini, Mama Furaha. Ni mama lakini hanizidi miaka mingi. Furaha ni mtoto wake, ana miezi mitatu. Alikuja mara ya kwanza kuomba matawi makavu, akaona ninavyopalilia viazi, akaninyang'anya jembe: "Nani amekufundisha kukwaruza vile? Unasalimia udongo ao unalima?" Ndiye aliyenisuka nywele hizi. Alipoacha kuja siku kadhaa, nikachuma lengalenga nikamfuata kwenye bashi lake.

Furaha alikuwa amelala mapajani mwake, mdogo kuliko nilivyomwacha, midomo mikavu.

"Anagonjwa?"

"Anaharisha. Namupatia maji ya muchele."

"Na ziwa?"

"Nilimukatazia." Hakuniangalia. "Zile kuni ulinipatia, zile upepo mukali uliangusha, zilikuwa za ule muti. Nilizipikia siku tatu. Maziwa yangu ikapunguka, kumbe njo ile. Siwezi kumunyonyesha sumu." Kisha akanigusa goti. "Usihuzunike. Weye haukujua ni za muti gani."

Mama, alinifariji. Mimi.

Ukurasa huu nimeukunja na kuukunjua mara nyingi. Ningependa kukuambia kwamba nilisema ukweli palepale. Nilisema "pole". Nikaweka lengalenga chini, nikatoka, nikaenda kupalilia mistari miwili ya maharagi ambayo haikuwa na magugu. Nilikuwa nahesabu. Nikisema ni uongo, mti umekwisha, na neno la Papa mukubwa limekwisha. Nikinyamaza, labda mtoto atapona mwenyewe. Huko ndiko kuhesabu nilikofanya, binti uliyemfundisha kupiga magoti kabla hajajua kusoma.

Kesho yake, mapema, nikang'oa kile kibao kwenye podo. Nikaenda nacho kwenye bomba la maji, mahali wamama wote wanapanga mabidoni ya kuchotea, kwa sababu uongo wangu haukuwa wa Mama Furaha peke yake. Papa Bahati akanifuata akifikiri naenda kugombana na mtu.

"Hii ni uongo," nikasema. "Niliandika mimi."

"Sema na nguvu," mtu akasema huko nyuma. "Hatusikie."

Basi ikabidi niseme mara ya pili, na safari hii nikapiga kelele, Mama, sauti ikatoka nyembamba kama ya jogoo anayejifunza, lakini ikafika mpaka barabarani: kwamba moshi wa podo hauna kitu, kwamba nilitaka wasiukate, kwamba wenye watoto wawanyonyeshe. Papa Bahati akaangusha bidoni.

Kisha bibi mmoja, jirani wa Mama Furaha, akakiangalia kile kibao akakipindua huku na huku. "Mutoto wa masomo," akasema, "kama maneno yako ina nguvu vile, andika na ya kufukuza vita. Utuwekee kule ku barabara."

Wakacheka, na kicheko hicho kiliniuma nilivyostahili. Mama Furaha hakucheka. Alikuwa amesimama na mtoto mgongoni. Akamfungua, akakaa juu ya bidoni yake, akampa ziwa. Furaha akavuta, akaacha, akalia, akavuta tena.

"Siku tano," Mama Furaha akaniambia. "Siku tano analia na mimi namunyima."

Tukiwa njiani kurudi nilimsikia Papa Bahati akijiuliza polepole, "Sasa bibi yangu alisemaga nini?"

Muuguzi wa kambi alimpa Furaha chumvi za kutibu kuharisha, akamwambia mama yake anyonyeshe mchana na usiku, maziwa yanafuata mtoto, na ale. Kwa hiyo nilipeleka chakula kila siku: uji wa soya, viazi, lengalenga. Nilichinja pia sungura wawili bila kumuuliza Papa mukubwa, nalo liandike katika makosa yangu. Siku za kwanza Mama Furaha alipokea sahani bila neno. Baadaye akasema uji hauna chumvi. Nilijua hapo kwamba tunaanza kupona, yeye, mtoto, na mimi.

Podo nilikuwa nimeshaiaga. Jumamosi nikasikia panga upande ule, nikakimbia na jembe mkononi, sijui la nini. Nikakuta Mama Furaha na yule bibi. Matawi mawili ya chini yalikuwa yamelala, na chini yake wametandika kitenge, na juu ya kitenge mbegu zimemwagika, zimeanza kugeuka rangi, zimekomaa.

"Tulikata ya chini tu," Mama Furaha akasema. "Papa mukubwa wako akirudia na ule muguu, atapanda wapi kutafuta mbegu?"

"Asianguke tena kama ku avoka," bibi akaongeza. Kumbe hadithi hiyo imefika mpaka kambini.

Mama Furaha akanikusanyia mbegu ndani ya kitenge, akafunga fundo. "Matawi ni yetu. Hii ni yako."

Mti umesimama, Mama. Chini hauna kitu, kama mwanamke aliyekunja mikono ya nguo ili afue. Sijui utasimama mpaka lini. Mbegu nimezipanda katika vifuko kwenye kivuli cha grevilea, na wanaonisaidia kuzimwagilia ni watoto wa mabashini, ambao sasa wananiita Madame Uongo na mimi naitika.

Papa mukubwa bado hajui. Wanasema atatoka na magongo mwisho wa mwezi. Nataka nimwambie mwenyewe, kwa kinywa, siyo kwa mkebe. Nikiondoka na Mama Masika, atakayemweleza ni Papa Bahati, na ndani yake ataingiza bibi yake. Kwa hiyo jibu langu ni hapana, Mama. Ni mara ya kwanza kukuambia hapana. Mabomu yakikaribia tutashuka mjini kwa Mama mukubwa, Papa Bahati ameapa, na mabegi yako mlangoni. Mimi si shujaa. Lakini mbegu hizi zinakaa miezi chini kabla ya kuonyesha kichwa, na mtu anatakiwa awepo.

Nisalimie Papa, umwambie kikohozi akipeleke kwa daktari, asikipeleke kwa rafiki zake. Nisalimie Koko. Nisalimie Kambale, kitabu changu cha hesabu ni chake sasa. Nisalimie mwalimu wangu wa Kifaransa, lakini lile neno la kisayansi usimtajie. Nisalimie shangazi wa duka la chumvi na wote wa kwaya.

Katika nafasi uliyoniombea garini, Mama Masika atakuletea kifurushi. Ni kile kitambaa chako cha kichwa, cha bluu, ulichonipa nilipotoka nyumbani, na ndani nimefunga mbegu za podo. Zipande nyuma ya jiko, penye kivuli, mwagilia kidogo. Usizifukue kuangalia kama ziko hai. Ziko hai. Zinachelewa tu kusema, kama mtoto wako.

Anayekupenda,

Kavira