Alama ya Kutoa Kwenye Ukurasa wa Tisa

Mshauri Edinah, naomba msaada kabla sijaanza kuombewa. Kwa miaka thelathini na minne nimeficha kwamba kazi iliyonipa uprofesa ina kosa, tena si kosa la kujivunia, ni alama moja ya kutoa niliyoigeuza kuwa ya kujumlisha kwenye ukurasa wa tisa. Mimi ni profesa mstaafu wa fizikia ya nadharia, naishi Kitale, moyo wangu daktari ameshauchoka, na maisha yangu yote nilichunguza nyota nzito zinavyokufa, ingawa majirani huniletea redio niwatengenezee kisha zikinishinda huondoka wakinihurumia. Kwa hesabu yangu nyota ya aina hiyo husinyaa halafu hutulia. Ukirudisha ile alama, haitulii kamwe, inajimeza. Kwa kutulia huko nilialikwa nchi kumi na moja, nikala kuku wa kila hoteli.

Sasa shule moja ya Sirisia inaipa maabara yake jina langu Ijumaa ijayo, na binti yangu Linet ameandika wasifu ambao sote tunajua utasomwa tena kwenye mazishi, tarehe tu ibadilishwe. Aliniuliza, "Baba, tuseme mgunduzi ama mtafiti?" Nikamwambia mtafiti. Akasema, "Si uwache unyenyekevu," akaandika mgunduzi. Atakayeusoma ni Makokha, mwalimu wa fizikia pale, kwa sababu alikuwa mwanafunzi wangu wa uzamili. Makokha aliwahi kuliona kosa lile. Kwa bahati mbaya aliondoka chuoni bila shahada. Hunipigia kila Krismasi, ananiita "Mwalimu wangu". Je, niseme, ama nife kimya nisiwaharibie watu sherehe?

Mzee wa Nyota, Kitale

*

Mzee wangu, pole kwa ugonjwa, ila usiutumie moyo kama cheti cha ruhusa. Alama ya kutoa haijaua mtu. Mimi hesabu ilinishinda darasa la sita na bado nakula. Kinachonisumbua ni sentensi yako moja. Nyota umeieleza hadi nimeielewa, lakini Makokha "aliondoka" tu, kama mvua. Watu hawaondoki hivyo. Mpigie simu leo, usingoje Krismasi. Mwambie Linet afute "mgunduzi". Ijumaa chukua chaki, hata ukiwa umeketi, uwaonyeshe watoto ukurasa wa tisa. Lakini kwanza niandikie ile sentensi uliyoiruka.

Edinah

*

Mshauri, nilimpigia. Akapokea, "Mwalimu wangu, leo si Krismasi, kuna nini?" Nikasema nimebonyeza vibaya, nikakata. Profesa mzima. Basi, kwa kuwa najua yeye husoma ukurasa wako gazetini, tafadhali chapa haya kabla ya Ijumaa.

Makokha, tasnifu yako niliisoma mara tatu. Ilikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyekuangusha.