Ubeti Wako Nilioukata

Luhende, ndugu yangu,

Wimbo wetu umefika mbali. Juzi nimeusikia kwenye basi la Mwanza, kondakta anaimba nao neno kwa neno. Pale stendi ya Bariadi watu wananipa mkono, nami najichekesha tu. Wanayemsifia ni yule msanii mgeni, aliyekaa kwenye nafasi yako.

Unakumbuka nilivyokuambia? Tulikuwa tunatafuna michembe, vile viazi vitamu vikavu vya mama yako. Nikasema staa amekubali kolabo, ila kwenye rimiksi anautaka ubeti wa pili. Ubeti wa pili ulikuwa wako. Ukatafuna kwanza, ukameza. "Kata tu, bwana. Muhimu wimbo uende." Na mimi, mjinga mkubwa, nikashukuru! Sikukuuliza kama roho imeuma. Tena nikaufuta wimbo wa kwanza kila mahali nilipouweka, ili watu wautafute mpya.

Haukupita mwezi, homa ikakuchukua.

Siku ya maziko, kule Nkololo, vijana wakauweka wimbo. Mama yako akaomba watu wanyamaze. Alikuwa anasubiri pale unapotaja kwenu, kama waimbaji wetu wanavyofanya: "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama, halafu jina lake, halafu yule ng'ombe wake mweupe. Ubeti wa pili ukafika. Mgeni akasalimia watu wake wa Dar. Mama akanigeukia.

"Mbona leo hajanisalimia?"

Nikamjibu vijana wamekosea, wameweka wimbo mwingine. Nimemdanganya mfiwa, Luhende, na udongo wa kaburi lako haujakauka! Aibu gani hii? Tangu siku hiyo sijakanyaga kwenu. Nikimwona mama mnadani, napita nyuma ya ng'ombe wa watu asinione.

Wimbo wa kwanza nimeupata. Fundi simu wa sokoni alikuwa nao kwenye memori kadi yake ya zamani. Nimejaribu kuusikiliza mara nne. Ikianza tu sauti yako, nazima. Siwezi, ndugu yangu.

Jumapili naenda kwa mama. Kabla ya yote nitamwambia aliyekukata ni mimi, vijana wasisingiziwe. Akinifukuza, nitaiacha kadi mlangoni. Akinikaribisha, tutausikiliza wote mpaka mwisho, na sitazima.

Nisamehe. Pumzika, Luhende. Nakuahidi, Jumapili hii mama yako utamsalimia.

Ni mimi, mwenzako wa ubeti wa kwanza.