Febronia kakwama na mama mkwe mlangoni

Joyce, acha ugali uungue, soma hii! Febronia kapatikana leo!

Si walikuwa hewani na Peniel, ile podkasti yao ya mke na mume kupingana kwa ukweli? Peniel akamchokoza, "Mama akihamia hapa utasemaje?"

"Nahamia mimi Mkiwa!"

Febronia huyo, mubashara, Joyce, eti kijijini Mkiwa! "Nahamia mimi Mkiwa!"

Mara jogoo akawika sebuleni. Kumbe mama mkwe kafika na zawadi kutoka Sepuka, bila hata kupiga simu!

Na chumba wanachorekodia kina mlango mmoja, dirisha wameliziba kwa godoro wazuie kelele. Febronia atokee wapi?

Wamesahau kuzima maikrofoni, nasikia yote. Peniel akanong'ona, "Si ulitaka ukweli? Tangulia."

Mlango ukalia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nionyeshe kwanza pa kulala, ndipo uende Mkiwa."