Mlango wa Bibi Elsa

Kingsview Village, Toronto

Dada yangu Zuhura,

Shikamoo. Goti linasemaje siku hizi? Na mtoto wa Hadija ameshaanza kusimama? Mimi na wifi yako Salma ni wazima, ila baridi inatuonea. Ulilalamika kwenye simu kwamba nimekuwa mkimya. Ni kweli. Kazi ya usafi uwanja wa ndege ilikuwa imenikausha, nikirudi ni kula na kulala. Leo nina habari, kaa vizuri.

Jirani yetu ni Bibi Elsa, mjane kutoka Cape Town. Siku moja kwenye lifti alinisikia nikimsimulia Salma jambo kwa mbwembwe zangu zile unazozijua, akaniambia, "Wewe utakuwa mume wangu." Salma nusura amrukie! Kumbe anatafuta mwigizaji.

Mchezo wenyewe ni mfupi, wa Kiafrikana, lugha aliyolelewa nayo. Mume na mke wamekaa uwanjani mbele ya mlango. Hakuna nyumba, hakuna ukuta, mlango tu umesimama. Wameambiwa wasipite mpaka waruhusiwe, basi wanabisha hodi, wanachana nywele, wanagombana nani abishe tena. Kuuzunguka hawafikirii. Mchezo unaisha wamekaa vilevile.

Enzi za Makaburu, Bibi Elsa akiwa msichana, aliigiza huyo mke kwenye ukumbi wa kanisa. Waliporudi kuucheza tena walikuta kufuli na polisi, maana serikali ilijua mlango ule unaisema yenyewe. Wakawa wanauchezea sebuleni mwa watu, mapazia yamefungwa, hadi kundi likasambaratika.

Tuliutafsiri kwa Kiswahili mezani kwake, tukinywa chai. Mke akawa Wanjiru, Mkenya wa ghorofa ya chini. Siku ya onyesho Wanjiru akaamka sauti imekauka kabisa, na watu tumeshawaalika ukumbini Mount Dennis. Nikamwambia Bibi Elsa tuahirishe.

"Tuahirishe nini? Sehemu ile naijua."

"Kwa Kiswahili?"

"Kwa Kiafrikana. Wewe nijibu kwa lugha yako."

Dada, niliona tutaaibika. Lakini nilipobisha hodi kwa Kiswahili, naye akanigombeza kwa Kiafrikana, watu walicheka hadi machozi. Kila aliyewahi kuoa au kuolewa alielewa. Mwishoni tukakaa, tukingoja taa zizimwe. Ghafla akainuka, akanishika mkono, akanipitisha ubavuni mwa mlango hadi upande wa pili. Kisha mama mmoja wa Kisomali akapiga kigelegele, wote wakasimama.

Nyuma ya pazia nikamuuliza, "Bibi, mbona hiyo haimo kwenye mchezo?"

"Nimekaa mbele ya mlango ule tangu ujana, mwanangu. Nimechoka kukaa."

Sikulala vizuri. Unajua tangu nifike huku nimekuwa nikijiambia nitafundisha tena Kiingereza changu kikinyooka. Wiki ile ile nikamwendea imamu wa msikiti wetu, nikaomba chumba cha kufundishia watoto Kiswahili kila Jumamosi. Akauliza tu, "Unaanza lini?"

Walikuja wachache, wananijibu Kiingereza kitupu. Ila juzi binti mmoja mtundu kuliko wote alimgeukia mwenzake: "Nyamaza, mwalimu anasema." Kwa Kiswahili, dada! Niliposikia neno hilo, mwalimu, niligeukia ubao nikajifanya nafuta, wasinione uso.

Nisalimie shemeji fundi baiskeli, Hadija na mwanawe, na shangazi Mwanaidi, mpishi wa shughuli zote za mtaa. Mwambie pilau lake nimelijaribu huku, limenishinda.

Mdogo wako anayekukumbuka,
Mwalimu Idrisa