Mkwe Aliyeiruka Sehemu ya Saba

Mpendwa Bibi Hajarah,

Naomba msaada wako, na ukitaka kucheka cheka kwanza, maana hata mke wangu Anjeline alicheka mpaka alipoona machozi yangu ndipo akanyamaza. Mimi ni mwanamume wa miaka ishirini na minane, Mteso wa Mukuju, na kazi yangu iko Tororo mjini katika kampuni ya uchukuzi ambayo sitaitaja, tuna kompyuta, ile mashine ya kufikiri kwa umeme inayojaza chumba kizima, na kazi yake ni kupanga kila asubuhi behewa lipi libebe saruji, lipi libebe pamba ya Iyolwa na Sop Sop, na lori lipi lipitie Busia au Malaba, na bila kujisifu katika eneo hili lote watu wanaojua kuiandikia mashine hiyo maagizo ni wawili tu, mmoja ni mimi na wa pili ni mama mkwe wangu, na hapo ndipo taabu yangu ilipo.

Bibi, ndani ya mashine kuna programu moja isiyotoka hata dakika, sisi tunaiita Nyapara, kwa sababu kazi yake ni ya unyapara hasa. Kazi nyingine zote huingia kwa kadi zenye matundu, naye Nyapara ndiye huziambia wewe fanya sasa, wewe ngoja, wewe chukua printa, wewe chukua tepu, na Nyapara akikosea hakuna kinachokwenda, hata mashine iwe nzima namna gani. Nyapara huyo aliandikwa mwaka wa sitini na tano na mama mkwe huyo, ambaye zamani alikuwa mwalimu wa hesabu upande wa Samia, akapelekwa Nairobi mwaka mzima kujifunza, akarudi na kutuandikia programu nzima kwa mkono wake, na mimi nilipoajiriwa tulikuwa tukiketi meza moja, tukinywa chai ya birika moja, akinikosoa kama mtoto wa darasa la nne, na nilimpenda kama mwalimu, kisha siku moja binti yake akamletea chakula cha mchana, na mengine unaweza kuyajua mwenyewe.

Mwezi wa pili mwaka huu ng'ombe wa mahari walifika kwao. Tangu siku ile sikai naye, simpi mkono, sili mbele yake, na jina lake silitamki, yeye ni Msamia nami ni Mteso lakini katika jambo hili mila za pande zote mbili zinapatana kabisa, akija ukumbini mimi nageukia ukutani mpaka apite. Yeye alihamia chumba cha kadi na maneno yetu yote hupitishwa na Alaso, mama mmoja anayetoboa kadi, ambaye amekwisha kuchoka, juzi alipiga meza akasema, "Mimi iko posta? Nyinyi wawili nakaa hatua kumi tu, mimi natembea kutwa nzima na vikaratasi!"

Sasa sikiliza. Nyapara ana sehemu kumi na mbili, na kila sehemu ina jina la aliyeiandika juu yake. Mwezi ule ule wa pili ililetwa printa mpya, na ili Nyapara aijue ilibidi kurekebisha sehemu ya saba, hiyo ndiyo inayogawa vifaa na kuvirudisha, na ni ya mama, jina lake liko pale juu kwa herufi kubwa. Bibi, kuifungua ile sehemu na kuanza kukata mistari yake kwa kalamu nyekundu niliona ni sawasawa na kuingia chumba chake cha kulala na viatu. Sikuweza. Nikaandika njia ya pembeni, kwamba Nyapara akifika pale kwa ajili ya printa mpya airuke sehemu ya saba yote na kupitia kwangu, na ilipoleta kasoro ndogo nikaweka kiraka, kisha kiraka juu ya kiraka, na leo viraka vyangu ni arobaini na kimoja.

Tangu mwezi wa tatu mashine inasimama. Haiungui, hailalamiki, taa zinawaka, imesimama tu. Nimechunguza nikaona kwamba kazi moja inakuwa imeshika printa inangoja tepu, na nyingine imeshika tepu inangoja printa, hakuna inayoachia, zitangojana mpaka kiyama. Mara ya mwisho orodha ya mabehewa haikutoka siku mbili na pamba ya watu wa Iyolwa ikanyeshewa stesheni, wakulima wakaja getini na mbegu zilizoota ndani ya magunia. Mkubwa wetu, Bwana Bartholomew, ameona kwamba mambo ya kugawa vifaa ni ya sehemu ya saba, na jina lililo juu ni la mama, basi amesema mbele ya watu wote, "Hii kitu ya huyo mama natoa yote! Na tarehe thelathini wakubwa wa Nairobi nakuja kuangalia. Mashine ikisimama mbele yao, mashine nakwenda Nairobi na mama nakwenda nyumbani."

Nifanye nini, Bibi? Nikiifungua sehemu ya saba na kuonyesha kosa, nitakuwa nimemvua nguo mama mkwe wangu mbele ya wanaume. Nisipoifungua atafukuzwa kwenye kazi anayoipenda kuliko chakula. Yeye mwenyewe ameleta karatasi kwa Alaso, imeandikwa, "Mwambie asome sehemu ya saba," na leo ni wiki ya tatu sijamjibu, ila siku moja tu nilimrudishia karatasi nikaandika "Shikamoo."

Ni mimi,
Mkwe Mwenye Haya, Mukuju.

* * *

Mkwe Mwenye Haya,

Nimecheka, kwa kuwa umeniruhusu. Hiyo "Shikamoo" nimewasomea majirani zangu wote hapa Busia. Sasa nyamaza unisikilize.

Ukurasa huu hutoka mara moja kwa mwezi, na tarehe thelathini haikungoji wewe wala mimi, kwa hiyo jibu lako nilimpa kondakta wa basi la Tororo siku ile ile barua ilipofika. Wasomaji wengine ndio wanalipata leo. Majina uliyoyataja nimeyabadilisha, usiogope.

Mimi hiyo mashine yako sijapata kuiona, na nikiiona nadhani nitaketi mbali. Lakini miezi naijua. Ng'ombe, mwezi wa pili. Njia yako ya pembeni, mwezi wa pili. Mashine kusimama, mwezi wa tatu. Na kabla ya hapo, Nyapara wa mama alifanya kazi tangu mwaka wa sitini na tano, wala katika kurasa zako tano hujaniambia alisimama hata siku moja! Mwanangu, umesoma mpaka ukaweza kusema na umeme, na hukuliona hilo? Kikulacho ki nguoni mwako.

Marehemu mume wangu alikuwa na malori mawili. Enzi zake kulikuwa na askari kwenye kizuizi ambaye madereva wote walimchukia, kwa sababu alikuwa na sheria moja tu: kama umepata karatasi moja na unangoja ya pili, rudi nyuma, mwenzako apite. Siku moja dereva wetu mjanja akagundua kichochoro nyuma ya duka la Mzee Ikwap, cha kumkwepa askari. Dereva mwingine upande wa pili naye alikuwa amekigundua. Wakakutana katikati, pua kwa pua, kuku hapiti. Walikaa pale tangu asubuhi mpaka adhuhuri wakitukanana, maana huko kichochoroni hapakuwa na wa kuwaambia rudi nyuma. Mimi naona sehemu ya saba ya mama ndiyo askari yule, nawe ndiwe uliyechonga kichochoro.

Kisha kuna jambo linaloniudhi zaidi. Mama wa watu anatukanwa mbele ya wafanyakazi wiki tatu, nawe umegeukia ukutani unahesabu matofali. Hiyo si haya, hiyo ni woga uliovaa kanzu. Heshima si utumwa, na tena haijapata kuwa ruhusa ya kumwacha mzee wako abebe mzigo wako. Mficha uchi hazai, nawe umekuwa ukijificha nyuma ya jina la mama mkwe.

Basi fanya hivi. Kabla ya kufungua chochote, nenda kwa huyo Bwana Bartholomew umwambie viraka arobaini na kimoja ni vyako, vyote, na awaambie watu aliowaambia kwanza. Halafu mtume mkeo akamwite shangazi yake, awe mtu wa kati, maana mambo ya ukwe hayatengenezwi na wawili peke yao, na umpelekee mama blanketi zuri, si lile la kijivu la dukani kwa Mhindi ambalo wakwe wote hununua. Kisha tundikeni pazia kati ya vyumba vyenu viwili. Mama asome sehemu ya saba kwa sauti upande wake, nawe fuata kwa kidole upande wako. Mila imekataza macho na mikono, masikio haikuyakataza.

Na ukianza kuondoa viraka, usivichane vyote kwa hasira. Nimeshona nguo miaka thelathini. Kiraka hutolewa kimoja, unaivaa nguo, unatembea nayo, ndipo unatoa kingine. Ukinijibu "Shikamoo" nitakuja Tororo mwenyewe.

* * *

Gazeti lilikuwa karibu kwenda mtamboni, kondakta yule yule akaniletea hii. Naichapa yote.

Bibi Hajarah, imekwenda! Imekwenda, Bibi, imekwenda!

Nilianza na Bwana Bartholomew kama ulivyoniamuru. Akasema, "Wewe? Na mimi kila siku nasema mama, mama?" Akatoka mwenyewe mpaka chumba cha kadi, nikamsikia akiomba radhi, tena kwa kurudia mara mbili kwa sababu mama alimwambia hakusikia vizuri.

Shangazi alikuja na pazia likawa kitenge cha Anjeline. Mama akasoma kwa ile sauti yake ya ubaoni, mstari kwa mstari, nami nafuata. Alipofika mstari wa thelathini na tatu akasoma, "Kama tepu haipatikani, rudisha printa, ungoje." Akauliza kupitia kwenye kitenge, "Mkwe wangu, kwako huo mstari uko wapi?"

Nikasema, "Sina, mama. Niliuruka."

"Uliuruka kwa nini?"

"Kwa heshima, mama."

Bibi, alicheka! Alicheka mpaka shangazi akaja kumshika, na Alaso akaangusha sanduku zima la kadi, tukapoteza saa nzima kuzipanga upya. Kisha akatulia akasema polepole, "Wiki tatu nimekuwa nikiitafuta hitilafu kwangu. Nilidhani akili imeanza kunizeekea." Hapo nililia, na sioni aibu kukuambia. Alinijibu, "Futa machozi, yataloanisha kadi. Tuanze kiraka cha kwanza."

Tulifanya siku nne, kimoja kimoja, kama kushona kwako. Viraka arobaini viliondoka, tukachoma kadi zake nyuma ya ofisi. Kimoja, cha kumi na tisa, mama alisema, "Hiki ni kizuri. Mwenye kuandika hiki alifundishwa vizuri. Kiache." Kimo kile cha kadi za Nyapara kilichokuwa kikinifika kiunoni sasa kinanifika gotini, na printa mpya iko ndani ya sehemu ya saba, mahali ilipostahili kuwa tangu siku ya kwanza. Mashine haijasimama tena tangu siku ile.

Tarehe thelathini wakubwa wa Nairobi walikuja wanne, nao hawakutaka hotuba. Wakaingiza wenyewe kazi mbili kwa pamoja, moja ya kushika printa na moja ya kushika tepu, wakasimama na saa zao mkononi. Nyapara akaiambia moja, rudisha, ngoja. Ikarudisha! Ikangoja! Nyingine ikamaliza, ya kwanza ikaingia, orodha ikatoka, mabehewa ya pamba yakaondoka Tororo asubuhi ile ile, makavu kabisa. Wakajaribu tena mara tatu, mara tatu ikatii. Mashine inabaki, wamesema, na mwakani wataleta ya pili.

Kisha mkubwa wao akauliza ni nani aliyeandika sehemu ya saba. Alaso akafungua kitenge, na mama akatoka kwenda kuwapa mikono, mmoja mmoja, huku Bwana Bartholomew akilitaja jina lake kwa sauti kubwa na ofisi nzima ikipiga makofi. Mimi nilikuwa nimegeukia ukutani ili apite, Bibi, nikipiga makofi kuliko wote, na sijapata kufurahi namna ile tangu nizaliwe.

* * *

Umefanya vema. Wengine mnaosoma hapa, kama kuna mtu anasemwa kwa kosa ambalo ni lako, nenda ukaseme leo, usingoje wakubwa wa Nairobi.

Na wewe, Mkwe Mwenye Haya, mama ameshapita. Geuka, urudi kazini.