Jibini Inayoharibika Kila Somo

Jumatano, 6 Septemba
Darasa la mtandaoni la usafi wa jibini, saa nane mchana. Walioingia: ishirini na sita. Waliofungua kamera: mmoja, Wigberto wa Celendín, naye alikuwa amesinzia. Nimeuliza swali. Kimya. Nimemwita Mama Domitila Tanta kwa jina mara tatu. Aliyejibu ni bata wake.

Injinia Zárate, bosi wangu, kapiga simu kutoka Lima. Wanafunzi wakibaki chini ya ishirini hadi mtihani, kozi inafungwa. Mimi bila kazi, wao bila kadi ya kuuzia jibini sokoni hapa Cajamarca. Kanitumia mwongozo wa kuwachangamsha wanafunzi watu wazima. Kurasa arobaini. Nimesinzia kwenye ya sita.

Ijumaa, 8 Septemba
Nimefuata mwongozo. Chemsha bongo. Katuni zinazopiga makofi. Mapumziko ya kunyoosha viungo — nikanyoosha mikono juu peke yangu, kama mtu anayeporwa. Walioingia kumi na tisa.

Jumatano, 13 Septemba
Nilikuwa nasoma slaidi ya nyuzi joto. Mama Domitila akafungua maikrofoni, kwa mara ya kwanza.

"Samahani, binti yangu. Wewe umewahi kutengeneza jibini?"

Nikasema nina digrii ya vyakula.

"Sikukuuliza hilo."

Nikakiri. Mara moja, chuoni, tukiwa kikundi. Mimi ndiye niliyekuwa naandika.

Kimya. Lakini si kile cha siku zote. Hiki kilikuwa na watu ndani yake.

"Basi Ijumaa weka sufuria jikoni tukuone," akasema.

Ijumaa, 15 Septemba
Lita tano za maziwa. Nimeyapasha kupita kiasi, jibini imetoka ngumu inalia kwenye meno. Mama Domitila: "Hiyo mpelekee fundi viatu." Kamera ishirini na moja wazi. Watu wameita majirani. Na Wigberto, leo yu macho kabisa: "Pete, mwalimu. Slaidi ya nne inasema tuvue pete." Kumbe alikuwa anasikia! Mwingine: nywele hizo. Mwingine: kitambaa hicho si ulifutia meza? Wamenisomea somo langu lote, neno kwa neno.

Nimelia kidogo bafuni. Sikuwa na huzuni.

Jumatano, 20 Septemba
Wote ishirini na sita. Leo nimeyakata maziwa kabla hayajaganda vizuri, nikapata uji. Mama Domitila kanifundisha: chovya mgongo wa kisu, ukitoka safi ndipo ukate. Wanabishana wenyewe kwa wenyewe kuhusu kipimajoto, mimi nasikiliza tu.

Zárate kaona mahudhurio. Anataka niwafundishe wakufunzi wenzangu "mbinu" yangu. Keshokutwa ataingia darasani kutazama. Nimwambie mbinu gani?

Alhamisi, 21 Septemba
Nimejaribu peke yangu. Imekubali — nyeupe, laini, haina tundu. Mama yangu kaila na mahindi ya kuchemsha, akarudia.

"Nzuri," kasema. "Sasa watakucheka nini?"

Ijumaa, 22 Septemba
Naandika hapa hapa jikoni, maziwa yanaganda. Darasa linadhani naandika muda. Zárate yupo kwenye kona ya skrini, kafunga tai.

Nimefanya kila kitu sawa. Sikukusudia, mikono imeshazoea. Maziwa yanaganda vizuri mno. Wigberto kapiga miayo. Kamera ishirini na sita. Ishirini na nne.

"Mwalimu, leo mbona haiharibiki?" mtu kauliza, kwa huzuni kabisa.

Dakika kumi zimebaki kabla ya kukata. Kamera kumi na tisa. Zárate anaandika kitu. Moto nimeuacha mdogo kabisa chini ya sufuria. Ukiongezwa kidogo tu, nani atajua? Kalamu iko mkono wa kulia.

"Binti yangu," Mama Domitila kasema polepole, "huo mkono wa kushoto unatafuta nini kwenye swichi ya jiko?"

Kamera tatu zimefunguka.