Njia Niliyoificha kwa Ramani

Chebet mjukuu wangu,

Chamgei! Tuko wazima, majani chai yamechipuka, na babu yako bado anabishana na redio.

Unauliza kama ni ujinga kuchora ramani na kuwapa watu bure. Miaka ya tisini, hapa Merigi, tulichora yetu kwa gunia la mbolea, tukaitundika pale tunauzia majani. Kila mtu aliongeza njia ya kwake. Mimi nilificha njia ya kwetu, ili watu wasijue chemchemi yangu.

Halafu ng'ombe wangu akashindwa kuzaa. Daktari wa mifugo alifuata ramani, akapotea, akafika amejaa matope mpaka kiunoni. Tulivuta ndama pamoja, akapona. Kesho yake nilichora njia na chemchemi, bila kuambiwa.

Ndama tukamwita Ramani. Alipokua, maziwa yake ndiyo yaliyokulea.

Kogo, nyanya yako